Sura ya Sita: Khan Alimjuaje Chekov?

Katika filamu ya pili ya Star Trek, The Wrath of Khan, iliyotoka Juni 1982, maofisa wawili wanashuka kwenye sayari inayovuma mchanga mchana kutwa. Wametumwa kutafuta mahali pasipo na uhai wa aina yoyote. Badala yake wanakuta makontena ya mizigo yamefukiwa nusu, na ndani yamegeuzwa makazi ya watu. Ofisa mdogo kati yao, Pavel Chekov, anapekuapekua, anaokota bizimu la mkanda, anasoma jina lililoandikwa juu yake, na uso wake unabadilika. Jina lenyewe ni Botany Bay. Anamhimiza mkubwa wake watoke mbio, lakini wamechelewa, wenye makazi wamekwisha rudi. Kiongozi wao, Khan Noonien Singh, anamtazama Nahodha Terrell na kumwambia kwamba yeye hamfahamu. Kisha anamgeukia Chekov. Huyu anamjua, maana yeye si mtu wa kusahau sura.

Ugomvi ulianzia hapo, na hadi leo haujaisha.

Khan alikuwa ameonekana mara moja tu kabla ya filamu hiyo, katika sehemu ya tamthilia iitwayo Space Seed, iliyorushwa Marekani tarehe 16 Februari 1967. Meli ya anga Enterprise inakuta chombo cha kale kikielea, SS Botany Bay, kimebeba watu waliolazwa usingizi wa miaka mingi tangu mwaka 1996. Ni mabaki ya mabwana walioumbwa kwa kuchaguliwa mbegu, wakajaribu kuitawala dunia, wakashindwa, wakatoroka. Khan anaamshwa. Anamteka kwa mapenzi mwanahistoria wa meli, Marla McGivers, kisha anajaribu kuiteka meli yenyewe. Akishashindwa, Nahodha Kirk anamfutia mashtaka na kumpa sayari pori iitwayo Ceti Alpha V, akaishi huko na watu wake. McGivers anachagua kufuatana naye.

Katika mkasa huo wote Chekov hayumo. Mwigizaji wake, Walter Koenig, aliajiriwa kwa ajili ya msimu wa pili, na watazamaji walimwona kwa mara ya kwanza Septemba 1967, miezi saba baada ya Khan kutupwa kwenye sayari yake. Sasa huyu Khan asiyesahau sura, sura hiyo aliiona wapi?

Wasomaji wasio mashabiki watauliza kwa nini jambo hili limshughulishe mtu mzima. Jibu ni kwamba hadithi ndefu ya aina hii, inayoandikwa na watu wengi kwa miongo mingi, haina mlinzi mmoja. Waandishi hubadilika, watayarishaji hustaafu, studio huuzwa. Anayebaki ni mtazamaji. Mashabiki wa Star Trek walijifunza mapema kwamba hadithi hii ni yao kulinda: kampeni ya barua iliyoongozwa na Bjo Trimble na mumewe John, mwishoni mwa 1967 na mwanzoni mwa 1968, ndiyo iliyosaidia kupatikana kwa msimu wa tatu. Mwaka 1976 Bjo Trimble huyohuyo alichapishiwa kitabu kinachoorodhesha wahusika, sayari, vyombo na maneno ya kila sehemu. Hiyo ni kabla ya kaseti za video kuzoeleka majumbani. Watu walikuwa wakiandika huku picha zikipita. Kile kinachokubalika kuwa kimetokea kweli ndani ya hadithi wanakiita kanoni, na kanoni ikipata tundu, kazi yao ni kutafuta kiraka.

Kiraka cha kwanza kwa Chekov ni cha hesabu. Karibu kila sehemu ya tamthilia ina tarehe yake ya nyota ambayo nahodha huitaja anaposoma kumbukumbu za safari. Space Seed ni 3141.9. Lakini sehemu ya Catspaw, ambayo Chekov anaonekana wazi akiwa kazini, ni 3018.2. Ilirushwa baadaye, Oktoba 1967, lakini kwa kalenda ya hadithi ilitangulia. Basi Chekov alikuwa tayari melini Khan alipofika, ila kamera haikumfikia. Shabiki anayekutolea hesabu hii hukutazama kama wakili aliyekwisha kushinda kesi. Mimi inanifurahisha lakini hainishawishi, kwa sababu tarehe za nyota katika misimu ile zilipangwa ovyo, na anayeegemea namba mbili anapaswa kuzikubali na nyingine zote, ambapo nyumba nzima itamwangukia.

Kiraka cha pili ni cha waandishi. Vonda McIntyre, aliyeandika riwaya ya filamu hiyo mwaka 1982, alieleza kwamba wakati ule Chekov alikuwa ofisa mchanga wa zamu ya usiku. Cha tatu ni cha Koenig mwenyewe, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitania kwamba Khan alimkuta Chekov chooni, akasubirishwa nje muda mrefu, na alipofunguliwa mlango akaapa kutoisahau sura ile. Naye mwongozaji, Nicholas Meyer, hakuona haja ya kiraka. Meyer aliwahi kuandika riwaya ya Sherlock Holmes, na utetezi wake ulikuwa kwamba hata Arthur Conan Doyle alipitiwa na mambo madogo. Kila mpenzi wa Holmes anajua kwamba Dakta Watson ana jeraha la risasi begani katika kitabu cha kwanza na mguuni katika cha pili, na bado vitabu vyote viwili vinasomwa.

Kati ya majibu hayo, la choo ndilo lililodumu midomoni mwa watu, na nadhani najua sababu. Lile la tarehe za nyota linaeleza Chekov alikuwa wapi. La choo linamweleza Khan ni mtu wa namna gani: mwenye majivuno, asiyevumilia kuwekwa foleni, anayebeba kinyongo kidogo kwa miaka kumi na mitano jangwani. Wakenya waliokulia kwenye vibanda vya video wataitambua kazi hii, maana DJ Afro, anayesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, hujaza pengo la filamu namna hiyohiyo, kwa kumpa mhusika sababu ambayo mwandishi alimnyima, na hadhira inaondoka na sababu ya DJ Afro kichwani.

Ukisikiliza mabishano ya mashabiki kwa muda utaona kwamba tarehe na namba ni mlango tu. Wakishaingia ndani wanazungumza tabia. Ndiyo maana kuna makosa makubwa kuliko la Chekov ambayo hayamuumizi mtu. Wahusika wa filamu wanasema imepita miaka 15 tangu Space Seed, ambayo ndiyo iliyopita kwetu kati ya 1967 na 1982. Lakini wapanga tarehe rasmi wa hadithi, Michael na Denise Okuda, waliweka tukio la kwanza mwaka 2267 na la pili 2285, na 2285 ukitoa 2267 ni 18. Watu hutaja hilo kwa kicheko na kuendelea na chai yao. Hakuna mhusika anayebadilika kwa miaka mitatu.

Kuna swali moja, hata hivyo, ambalo mimi ningeliweka juu ya la Chekov. Ndani ya Space Seed, Khan alipokuwa ameishika meli, mmoja wa watu wake, Joaquin, alimpiga kofi Luteni Uhura kwa kukataa kutii amri. Uhura, yule mwanamke wa Kiafrika wa mitambo ya mawasiliano, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, na ambaye katika sehemu mbalimbali huongea Kiswahili. Yeye ndiye mwenye haki ya kumkumbuka Khan. Katika filamu yupo kituoni kwake uso wa Khan unapotokea kwenye skrini ya Enterprise, na hati haikumpa hata neno moja kuhusu jambo hilo. Haangaliwi, haulizwi. Kosa la Chekov ni mtu kukumbukwa na asiyemjua. La Uhura ni kofi lililosahauliwa na waandishi wenyewe.

Uhura anastahili kuzungumziwa hapa kidogo, kwa kuwa yeye ndiye aliyechezewa zaidi na mwendelezo wa hadithi hii. Katika The Changeling, ya Septemba 1967, roboti iitwayo Nomad inamfuta kumbukumbu zote. Anaanza kufundishwa kusoma upya kama mtoto wa chekechea, na Kiingereza kikimshinda hasira zake zinatoka kwa Kiswahili. Wiki iliyofuata yuko kazini, hajapungukiwa na kitu, na hakuna aliyerudi kuligusa. Mashabiki wameandika hadithi nyingi kuziba tundu hilo: alisoma usiku na mchana, au kumbukumbu hazikufutwa bali zilizibwa. Kwa upande mwingine, jina lake la kwanza lilitoka kwao. Tamthilia haikumpa. Mwaka 1982 William Rotsler, aliyekuwa akiandaa kitabu cha wasifu wa wahusika, alimpa jina la Nyota, na Gene Roddenberry, muasisi wa Star Trek, pamoja na Nichols wakaridhia. Jina likazunguka kwa mashabiki na vitabuni hadi filamu ya 2009 ilipolitamka mbele ya kamera. Leo katika Strange New Worlds, tamthilia iliyoanza 2022, Nyota Uhura ni binti wa Kenya, na kijana anayeitazama hana habari kwamba kwa zaidi ya miaka arobaini jina hilo halikuwa limetamkwa kwenye skrini.

Turudi kwa Khan, kwenye swali linalogawa mashabiki kweli. Si la Chekov. Ni la Kirk.

Khan anapomkuta Chekov, hasira yake si kwamba alifukuzwa. Alikubali kufukuzwa. Miezi sita baada ya wao kushushwa, sayari jirani, Ceti Alpha VI, ililipuka. Mzunguko wa sayari yao ukasogea, mvua zikakoma, nchi ikawa mchanga. Viumbe pekee waliosalia ni minyoo inayoingia sikioni, na iliua watu wake kadhaa akiwemo mkewe. Katika miaka yote hiyo Kirk hakutuma hata chombo kimoja kuwajulia hali. Mwishoni mwa Space Seed ofisa wa sayansi wa meli, Spock, alikuwa amemwambia Kirk kwamba ingependeza kurudi baada ya miaka mia kuona mbegu ile ilizaa nini. Hakuna aliyerudi. Chombo cha Terrell na Chekov, Reliant, kilipofika hatimaye, maofisa wake hawakujua hata kama wako kwenye sayari ya tano. Walidhani ni ya sita.

Kambi moja inasema huu ni uandishi mbovu. Jeshi la anga lenye vyombo vya kupima nyota lingekosaje kuona sayari nzima imetoweka? Na Kirk tunayemjua, anayekesha kwa ajili ya baharia mmoja aliyepotea, hawezi kutupa watu zaidi ya sabini na kuwafuta kichwani. Kambi ya pili inasema ndivyo alivyo hasa: Kirk ni mtu wa mlango unaofuata, anayemaliza jambo kwa kauli nzuri na kuondoka, na filamu nzima ni ya bili zake za zamani kumfikia siku ya kuzaliwa kwake.

Mimi niko kambi ya pili, na ushahidi wangu uko Port Botany, kwenye ghuba iliyokipa jina chombo cha Khan.

Port Botany ni bandari kubwa ya makontena ya jimbo la New South Wales. Iko kusini mwa jiji la Sydney, upande wa kaskazini wa ghuba ya Botany, bega kwa bega na uwanja wa ndege. Ilifunguliwa mwaka 1979, baada ya ghuba kuchimbwa ili meli kubwa zipite na bahari kufukiwa ili gati zipate pa kukaa. Ukisimama kwenye ncha yake ya kusini, Molineux Point, kreni ziko nyuma yako na ng'ambo ya maji unaiona Kurnell, mahali James Cook aliposhuka tarehe 29 Aprili 1770. Mtaalamu wa mimea Joseph Banks alikuwa naye. Walikaa siku nane hivi, wakakusanya mimea kwa wingi hata ghuba ikapewa jina lake, wakaondoka.

Mwaka 1779 kamati ya Bunge la Uingereza ilikuwa inatafuta pa kuwapeleka wafungwa, kwa kuwa makoloni ya Amerika yalikuwa yameasi. Banks akaipendekeza ghuba ile: kuna maji, kuna kuni, ardhi itawalisha. Hakuna aliyetumwa kuhakikisha. Miaka minane baadaye meli 11 ziling'oa nanga zikiwa na watu zaidi ya 1,000, wengi wao wafungwa, kwa kutegemea ushuhuda wa mtu aliyekaa pale siku nane. Kamanda wao, Arthur Phillip, alifika Januari 1788, katikati ya kiangazi cha kule. Alikuta maji matamu haba, vinamasi, ghuba isiyo na kina na isiyo na kinga ya upepo wa mashariki. Siku chache tu baadaye akahamisha watu wote kaskazini hadi Port Jackson, ambako Sydney ilizaliwa. Meli mbili za Mfaransa La Pérouse zilikuwa zinaingia ghubani Waingereza wakitoka.

Kisha serikali iliyowatuma ikawa kimya. Meli ya chakula, Guardian, iligonga siwa barafu Desemba 1789 ikabidi irudi Rasi ya Tumaini Jema. Sirius, moja ya meli mbili zilizobaki na koloni, ilivunjikia kisiwa cha Norfolk Machi 1790. Posho ya chakula ilipunguzwa na kupunguzwa tena. Meli ya kwanza kutoka Uingereza, Lady Juliana, ilionekana Juni 1790, karibu miaka miwili na nusu tangu kufika kwao, na ilikuwa imebeba wafungwa wengine. Anayeona ajabu Kirk kusahau watu aliowashusha na azitazame tarehe hizo. Serikali ile ilikuwa na wizara, makarani na madaftari.

Waandishi wa Space Seed walijua jina la Botany Bay lilikotoka. Katika rasimu ya kwanza ya Carey Wilber, chombo kilikuwa kimebeba wahalifu waliopelekwa angani kama Waingereza walivyowapeleka wafungwa Australia. Gene Coon alipoandika upya, wahalifu wakawa watawala waliopinduliwa. Jina la chombo likabaki, ingawa sababu yake ilikuwa imekwisha ondolewa. Na mwisho wa sehemu hiyo Kirk anamwambia Khan kwamba sayari anayopewa si mbaya kuliko koloni la Botany Bay lilivyokuwa mwanzoni, ambalo watu wake walikwenda kulifuga bara zima.

Koloni hilo halikuwepo. Phillip alilikimbia kabla halijaanza. Lakini hapa siwezi kumlaumu Coon, maana Waingereza wenyewe kwa miongo mingi waliendelea kusema kwamba fulani amepelekwa Botany Bay, huku mfungwa akishuka Port Jackson. Nahodha wa karne ya 23 anarudia kosa la watu wa London wa karne ya 18, na McGivers, mwanahistoria wa meli, anasimama pale pale asimsahihishe. Kuna mashabiki wa Australia wanaolipenda kosa hili kuliko la Chekov, na nina hakika wako sahihi.

Kauli ya kulifuga bara nayo husikika tofauti leo. Cook alipofika Kurnell wanaume wawili wa Gweagal walimzuia asishuke, na alijibu kwa bunduki. Mikuki ipatayo 40 ilichukuliwa siku zile. Minne iliyobaki ilikaa katika chuo cha Trinity, Cambridge, tangu 1771, hadi Aprili 2024 iliporudishwa kwa jamii ya La Perouse, jirani kabisa na bandari. Mtazamaji wa 1967 alimsikia Kirk akitoa sifa. Anayetazama sasa anasikia mtu anayegawa sayari ambayo hajaichunguza vizuri, na shutuma za Khan zinaanza kuwa na uzito mapema, miaka 15 kabla ya filamu. Hati haijabadilishwa hata nukta, lakini Kirk si yuleyule.

Kambi ya kwanza haijakata tamaa, na siku hizi imepata silaha mpya. Katika Space Seed vita vya akina Khan vilitokea kati ya 1992 na 1996. Miaka hiyo ilipita bila vita hivyo. Novemba 1996 wahusika wa Star Trek: Voyager walisafiri kurudi Los Angeles ya mwaka huohuo na hawakukuta hata dalili. Mwandishi Greg Cox akaziba kwa riwaya mbili, 2001 na 2002, akisema vita vilikuwa vya siri, nyuma ya habari tulizozisoma magazetini. Kilikuwa kiraka safi. Kisha mwaka 2023 Strange New Worlds ikakifumua: mhusika wake La'an Noonien-Singh, wa ukoo wa Khan, anajikuta Toronto ya karne yetu na kumkuta babu yake bado mtoto, takriban miaka 30 nyuma ya ratiba. Maelezo yanayotolewa ni kwamba wasafiri wa wakati wamevurugavuruga mambo mpaka yakasogea mbele.

Waliofurahi wanasema sasa hadithi imeungana tena na dunia yetu. Waliochukia wanauliza kuhusu Spock na Uhura, ambao sasa wamefanya kazi miaka kadhaa na mtu mwenye jina la Noonien-Singh, kisha katika Space Seed wanamsikia Khan akijitambulisha na hakuna anayeshtuka. Na kama Khan alikuwa mtoto wakati dunia ilipokuwa ikitoka kwenye korona, basi SS Botany Bay, ambayo Enterprise ilikuta ikielea tangu 1996, iliruka lini, na nani alikuwa usukani?